Cheti Kilichotoka na Ukuta

Gundi ya unga ina harufu yake. Si ya uji wala ya chapati; ni ya unga wa ngano uliochemshwa mpaka ukanata, kisha ukaachwa kwenye sufuria upoe na kuota ngozi juu. Wiki iliyopita niliingia jikoni kwangu hapa Nyamira nikaikuta harufu hiyo imejaa mpaka kwenye mapazia. Binti yangu Moraa, wa miaka minane, alikuwa amepiga magoti sakafuni akibandika maganda ya mahindi kwenye katoni. Ni mradi wa shule, ati nyumba ya jadi. Sufuria yangu nzuri ilikuwa imeharibika na sikumgombeza. Nilisimama mlangoni na mkoba begani nikacheka peke yangu.

Ninyi wenye watoto wa mtaala huu mpya mnaijua shida ninayoisema. Kwangu kuna ng'ombe wa udongo mwenye miguu mitano. Kuna mikufu ya vifuniko vya soda, michoro ya jua lenye kope, ripoti fomu, kadi za kliniki, barua za mkutano wa wazazi, na waranti ya redio iliyokufa kabla Moraa hajazaliwa. Ukifungua droo, inatapika. Basi likizo hii nikakata shauri. Nilisoma kwenye simu kwamba kila mtu wa nyumba apewe sanduku moja tu, na likijaa, kitu kipya kikiingia cha zamani kitoke. Nikanunua masanduku ya plastiki yenye vifuniko. Nikampigia simu na mama yangu kule Gesima, aje akae nasi kidogo na alete karatasi zake zote nimpangie, maana yeye ndiye aliyenirithisha ugonjwa huu wa kutotupa kitu. Akaja na mfuko wa gunia uliojaa mpaka mdomoni.

Tulipomwaga vyote sebuleni, Moraa alizunguka ule mlima mara mbili, mikono kiunoni, kama mwanakandarasi.

"Ni rahisi, mama," akasema. "Tunapanga kwa majina. Kila mtu na fungu lake. Ambayo haina mwenyewe, tunatupa."

Mama yangu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha akimenya maharagwe mabichi. Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, nami nikamwangalia, tukacheka.

"Mwache apange," mama akasema. "Usimwambie kitu. Ila hilo pipa la taka liletwe hapa karibu na mguu wangu."

Moraa hakujua tunacheka nini. Wewe nitakuambia.

Nilikuwa na umri wake huo huo, na nyumba yetu ya Gesima ilikuwa ya udongo na mabati, imezungukwa na majani chai pande tatu na migomba upande wa nne. Ukuta wa sebule tuliupamba kwa karatasi. Nyumba zote za kwetu zilikuwa hivyo: magazeti, kalenda za miaka iliyopita, kurasa za madaftari yaliyojaa. Mgeni akingoja chai anasoma ukuta. Kuna mzee mmoja wa kanisani ambaye alikuja kwetu mara tatu ili tu amalize habari moja ya mpira, kwa sababu kila alipofika katikati chai ililetwa.

Karatasi zilizochoka zilibanduliwa na mpya kubandikwa kila tulipotarajia wageni. Safari hiyo watu wa kanisa walikuwa waje kuombea nyumba yetu siku ya Sabato, na mama akaona afadhali apige ndege wawili kwa jiwe moja. Chini ya kitanda chake na baba kulikuwa na sanduku la bati alilokwenda nalo shule ya bweni zamani. Ndani yake mlikuwa na kila karatasi iliyowahi kuingia kwetu. Baba alisema sanduku hilo halikosi hata karatasi ya kufungia sukari ya harusi yao.

"Gesare," mama akaniita, kapu la kuchumia chai tayari mgongoni, "wewe ndiye unayesoma vizuri hapa. Zitoe zote. Kila mtu mtengee fungu lake, zirudi sandukuni zimenyooka. Kisichokuwa na mwenyewe, kipeleke ukutani."

Niliona kichwa kikinivimba kwa fahari. Nilikuwa darasa la tatu, na hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kusoma isiyokuwa na mwalimu nyuma yake.

Nikatandika mkeka. Fungu la baba lilijaa haraka, maana jina lake Makori lilikuwa kila mahali, hasa kwenye stakabadhi za majani chai. La kaka yangu mdogo lilikuwa kadi moja ya kliniki yenye doa la dawa ya kikohozi. Langu lilikuwa na ripoti fomu zangu zote, nikazisoma upya moja moja na kuridhika. La nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwetu humwita magokoro, lilikuwa na kadi ya ubatizo.

Fungu la mama likawa halina kitu.

Nilitafuta. Nilijua mama anaitwaje, si nilimsikia kila siku? Majirani walimwita Ng'ina Gesare, yaani mama yake mimi. Magokoro alimwita Moka Makori, mke wa Makori. Baba alimwita Mama Gesare. Vitoto alivyovifundisha nyimbo na herufi kwenye baraza la kanisa, bure, vilimwita mwalimu. Nilichambua sanduku zima na sikuona hata karatasi moja iliyoandikwa Ng'ina Gesare. Nilimhurumia. Mtu amekaa na karatasi za watu miaka yote hiyo na yeye mwenyewe hana hata moja.

Kulikuwa na mtu mwingine, lakini, ambaye sikumjua. Aliitwa Priscah Bosibori Ombati. Karatasi zake zilikuwa saba au nane, na moja ilikuwa nzuri ajabu, ngumu, yenye nakshi pembeni na mhuri. Nikafikiri sana. Bosibori hakulala kwetu wala hakula kwetu. Kwao mama, kule Ekerenyo, nilikuwa nimefika mara moja tu nikiwa nimebebwa mgongoni, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulitaja jina hilo mbele yangu nikasikia. Niliamua kwamba huyu ni mtu ambaye karatasi zake zilipotea, zikafungiwa kitu dukani, zikaishia kwetu. Hana mwenyewe hapa. Mama alikuwa amesema la kufanya.

Nilichemsha gundi kwa unga wa ngano uliobaki wa chapati. Zile za Bosibori zilizokuwa laini nilizibandika chini karibu na mlango, mahali pa kuku. Ile nzuri niliipa heshima yake. Nikaipaka gundi mgongoni kote, bila kuacha hata nafasi ya kucha, nikaibandika juu ya kiti cha baba na kuipangusa kwa kitambaa mpaka ikalala kabisa. Magokoro alipita akasema nimetia bidii.

Kisha nikarudi kwenye fungu la mama, maana lilinisumbua. Nikachana ukurasa wa katikati wa daftari langu, nikapiga mistari kwa rula, nikamwandikia ripoti fomu. Jina: Ng'ina Gesare. Kuchuma majani chai, mia. Kupika chai, tisini na nane. Kufundisha watoto, mia. Kuimba, sabini, kwa sababu ukweli ni ukweli. Nafasi: namba moja kati ya mmoja. Maoni ya mwalimu wa darasa: Ametia bidii, apunguze kelele asubuhi. Nikaiweka sandukuni peke yake, nikafunika.

Wageni walikuja wakaimba, wakala, wakasoma ukuta. Mama alikuwa mbioni kati ya jikoni na sebule, sinia mkononi, na hakuinua macho. Baba aliketi kwenye kiti chake, Bosibori juu ya kichwa chake.

Jumatatu mchana mama alirudi kutoka shambani mapema, akaoga, akavuta sanduku. Sikujua ni kwa nini. Baadaye ndipo nilielewa kwamba barua ilikuwa imemjia kupitia mchungaji: kesho yake, ofisini Nyamira, wangechagua walimu wa chekechea wa kwenda mafunzo na kuajiriwa. Nafasi zilikuwa chache na wanawake wengi. Barua ilisema aje na cheti halisi cha kumaliza shule, si nakala, na asiye nacho asijisumbue. Mama alikuwa ameimba na watoto wa watu barazani miaka minne akiingoja barua hiyo. Alikuwa hajamwambia mtu ila baba, akiogopa kuchekwa ikikosekana.

"Umepanga vizuri," akasema, akipekua. Halafu: "Za kwangu ziko wapi?"

"Hiyo hapo."

Akaitoa ile ripoti. Akaisoma mpaka chini. Nilingoja asifu, hasa ile mia ya kufundisha.

"Gesare, hii nimeiona. Karatasi zangu ziko wapi?"

"Hukuwa nazo, mama. Nilitafuta jina lako, halikuwepo. Kulikuwa na za Bosibori tu."

Akaketi kitandani polepole.

"Bosibori umempeleka wapi?"

"Ukutani. Kwani unamjua?"

"Ni mimi," mama akasema.

Mpaka leo naikumbuka sauti ile. Hakupaza. Afadhali angenichapa. Mimi nami nilishindwa kushika mambo mawili kwa pamoja: kwamba nimefanya kosa kubwa, na kwamba mama yangu alikuwa mtu mwingine kabla yangu, ana jina na baba yake na shule, na hakuwahi kuniambia.

Tulisimama wote mbele ya ukuta. Baba alianza kucheka, akamwona mama usoni, akanyamaza. Mama alilowesha kitambaa akajaribu kubandua pembe moja kwa kucha. Nakshi ikatoka na kitambaa. Akajaribu pembe ya pili, ikachanika kidogo, ikielekea kwenye mhuri.

"Acha," baba akasema. "Utakimaliza. Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Gesare. Tutaomba watupe kingine."

"Mpaka kitoke Nairobi? Ni kesho asubuhi." Mama akafunika uso kwa leso na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nami nikaangua kilio, cha sauti, cha kuita majirani.

Aliyekuja ni magokoro, mikono imejaa unga wa wimbi. Alielezwa. Hakunigombeza wala hakumpa mtu pole. Aliusogelea ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akasikiliza.

"Ninyi mnataka karatasi itoke ukutani," akasema. "Haitoki. Mtoto kaibandika vizuri. Basi ukuta utoke nyumbani."

Baba akasema, "Mama, utabomoa nyumba."

"Nyumba ilikandikwa na nani? Wewe? Nileteeni panga, na lile sinia la wageni."

Magokoro ndiye aliyeukandika ukuta ule kwa mikono yake, udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na jivu, na aliujua kama mtu anavyojua sufuria yake. Akachora mstari wa maji kuizunguka karatasi, akaacha nafasi ya vidole vinne kila upande. Akangoja ulowe. Kisha akapitisha ncha ya panga nyuma ya lile kandiko la juu, taratibu, akilisemesha kama anayekamua ng'ombe mwenye wasiwasi. Baba alishika sinia chini. Mama alishika leso mdomoni. Kipande kilitoka kizima, kinene kama mkate, na cheti kimelala juu yake kikitutazama. Udongo wa nyuma yake nao ukaporomoka, pakabaki fito na tundu, na kupitia tundu tukamwona ng'ombe wetu naye akitutazama.

Kesho yake mama alivaa gauni lake la kanisani. Sinia likafunikwa leso ya maua. Nilienda naye kwa sababu magokoro alisema aliyebandika ndiye atakayebeba, na kweli nilibeba upande mmoja mpaka barabarani, tukihesabu hatua ili tusilitikise. Mwenye pikapu aliyetupa lifti alichungulia akauliza kama tunapeleka keki ya harusi. Mama akamwambia ndiyo, aendeshe polepole. Akaendesha polepole mpaka Nyamira, maskini, akikwepa kila shimo.

Ofisini kulikuwa na benchi refu la wanawake, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mapajani. Sisi tulikuwa na sinia. Walitutazama wakanong'ona, wakadhani tumekuja kuuza mandazi. Mama aliketi wima. Niliona vidole vyake vikicheza kwenye ukingo wa leso, nikaomba kimyakimya kwamba Mungu anikate mkono wa kulia na ampe mama kazi.

Afisa alikuwa mwembamba, wa miwani. Aliita majina kutoka kwenye orodha.

"Priscah Bosibori Ombati."

"Niko," mama akajibu, akainuka na mkono juu, hasa kama mtoto wa shule.

"Cheti halisi."

Akaweka sinia mezani, akafunua leso. Afisa akaangalia. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni cheti halisi, bwana. Kimekuja na ukuta kidogo."

Benchi zima likaguna. Afisa wa meza ya pili akaja, akagusa pembe kwa kidole na kukinusa.

"Hii ni samadi?"

"Ya ng'ombe wetu," nikasema upesi, nikidhani inasaidia.

Yule mwenye miwani hakucheka. Aliomba kitambulisho cha mama, ambacho yeye hukifunga kwenye pindo la leso, akalinganisha jina herufi kwa herufi. Akalinganisha namba ya cheti na ile ya orodha yake. Akainama mpaka pua ikakaribia udongo, akausoma ule mhuri.

"Na nani alikibandika?"

Mama angeweza kunionyesha kwa kidole. Haki ilikuwa yake. "Tulikuwa tunapamba nyumba," akasema.

"Ni mimi," nikasema. "Sikujua Bosibori ni mama yangu."

Afisa akanitazama juu ya miwani.

"Sasa unajua?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

Nikayasema majina yote matatu, kwa sauti ya kukariri shairi. Akaitikia kwa kichwa na kuchukua kalamu.

"Barua yetu ilisema cheti kisiwe nakala," akasema akiandika. "Haikusema kisiwe na udongo. Mafunzo yanaanza Jumatatu, mwalimu. Na tafadhali, cheti cha mafunzo mkikipata, mkiweke kwenye faili."

Mama alibeba sinia mpaka nje. Hapo aliweka sinia kwenye nyasi, akaniinua, mimi mkubwa vile, akanizungusha mbele ya watu. Nilimpenda mama siku zote, lakini siku hiyo nilimpenda na Bosibori pia.

Tundu halikuzibwa. Baba alilipanua akatia fremu ya mbao na kioo, na ndilo dirisha la sebule mpaka leo. Udongo ulipokauka ulimeguka wenyewe kwa miaka, ukabaki utandu mwekundu mgongoni mwa cheti, nao baba akautia kwenye fremu pamoja nacho. Mama alifundisha mpaka akastaafu. Nusu ya watu wazima wa Gesima walishikiwa penseli naye, na hakuna anayemwita mama wa mtu tena. Sokoni, kanisani, hata wajukuu wake wenyewe, kwa wote yeye ni Mwalimu Bosibori.

Basi juzi sebuleni kwangu Moraa alipanga mpaka saa kumi, na alipanga vizuri kuliko mimi. Masanduku yalijaa, vifuniko vikafungika. Ng'ombe wa miguu mitano aliruhusiwa kukaa, baada ya mjadala. Za bibi yake zilikuwa za mwisho: faili la kazi, kadi za kustaafu, cheti kwenye fremu. Kisha mfuko wa gunia ukatikiswa, na kutoka katikati ya Biblia ya zamani kukaanguka ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, wa manjano, umechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa na kufungwa. Moraa akaukunjua, akasoma huku midomo ikicheza.

"Mama," akasema, "Ng'ina Gesare ni nani? Gesare ni wewe, lakini huyu simjui. Bibi hana jina hilo. Ana sabini ya kuimba." Akageukia pipa la taka. "Hana mwenyewe."

Miaka yote nilidhani karatasi ile ilitupwa siku ile ile, kwa hasira, na ningeitupa mimi kama ningekuwa yeye.

Kwenye kiti cha dirishani, mama aliweka maharagwe chini na kuinua mkono juu.

"Niko," akasema.